Jibu: Vilinda injini vya kukereza, alumini au nailoni?

Mkuu, umeuliza kama ukereze vilinda injini vya pikipiki (vile vibonge vinavyofungwa ubavuni kwa bolti ili ikianguka vitangulie kugusa chini) kwa alumini au nailoni, kwa leithi (mashine ya kukereza) ndogo ya nyumbani. Kwangu ni nailoni. Pikipiki ikilala, nailoni inateleza huku ikilika taratibu. Alumini inang'ang'ania lami, na kishindo kinaishia kwenye fremu.

Kisu cha leithi kinoe kama wembe, maana kikiwa butu nailoni inayeyuka na nyuzi zake zinajiviringisha kwenye kipande unachokereza (usizishike mashine ikizunguka!). Ukitoboa, toa drili mara kwa mara ipoe. Kichwa cha bolti kizamishe ndani sana. Kwenye kilinda changu cha kwanza nilikiacha juujuu, nilipoanguka nailoni ikaisha, bolti ikabaki inasaga lami. Bolti tumia za daraja la nguvu 8.8.