Kwa mnaokuja Mobile kutafuta kazi za meli na ndege

Mji unaandikwa Mobile, lakini wenyeji wanatamka Mobiil, mkazo ukiwa mwishoni. Uko pwani ya Alabama, kusini mwa Marekani, una watu wapatao laki mbili. Nimekaa hapa miaka tisa, na sita kati ya hiyo nimekuwa nikichomelea alumini kwenye karakana ya meli. Haupiti mwezi bila kijana kunipigia, wengine wakiwa Dar au Bujumbura, wengine wakiwa wameshafika Texas na Kentucky: "Kaka, huko kazi zipo?" Zipo. Ninachotaka mfikirie kabla ya kufunga mizigo ni mlango mtakaoingilia.

Mimi niliingilia ghalani. Wakala wa ajira alinipa kazi ndani ya siku tatu, nikabeba boksi miaka mitatu. Hela ilikuwa inaonekana kila Ijumaa, ovataimu ipo, nyumbani natuma, kwa hiyo sikuona ninachopoteza. Kumbe muda wote huo, mwendo wa dakika ishirini kutoka ninapolala, jimbo lilikuwa linafundisha watu kuchomelea bila kuwatoza hata senti. Taasisi inaitwa AIDT. Ni ya serikali ya Alabama, ipo tangu 1971, na inaandaa wafanyakazi kwa ajili ya viwanda vinavyofungua au kupanua kazi jimboni. Hapa mjini ina kituo cha mafunzo ya meli. Nilielezwa habari zake na mzee mmoja tuliyekuwa tunasali naye, na hadi leo nikimwona namshukuru.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba mafunzo yale ndiyo usaili wenyewe. Ukikaa darasani wanakutazama: umefika saa ngapi, miwani ya kinga umeivaa bila kukumbushwa, ulipokosea umeuliza au umeficha. Kuna kijana tuliyeanza naye ambaye mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wetu sote, lakini alichelewa mara mbili wiki ya kwanza na hakuitwa tena. Wadogo zangu, chukueni mafunzo hayo kama kazi tayari, hata kama hayalipi. Na kwa kuwa hayalipi, wekeni akiba ya miezi miwili kabla ya kuyaanza. Waambieni na wa nyumbani mapema kwamba kipindi hicho hakitatumwa kitu. Wataelewa wakiambiwa kabla.

Sasa alumini. Kama umechomelea mageti na madirisha nyumbani, usidhani umefika. Chuma kikipata moto kinabadilika rangi na kukuonya. Alumini haikuonyi, inameremeta vilevile halafu ghafla inadondoka. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksaidi inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, wakati alumini yenyewe inayeyuka kwenye 660. Usipoisugua ngozi hiyo kabla ya kuanza, mshono unakuwa mchafu ndani hata kama nje unapendeza. Brashi ya kusugulia iwe ya waya usioshika kutu, na isiwe imewahi kugusa chuma cha kawaida. Mimi nilifeli jaribio la kwanza kwa sababu ya brashi ya kuazima. La pili nilifeli kwa sababu ya feni: joto la Julai hapa ni la Tanga na zaidi, nikajielekezea upepo, ukapeperusha gesi ya agoni inayoulinda mshono, ukajaa vitundu kama mkate wa kumimina. Jaribio la tatu nilivumilia joto, nikapita.

Mkishapita, msitulie. Nimekulia Tanga, najua kiwanda kikifungwa mtaa unavyokuwa. Baba yangu alipitia hayo nikiwa darasa la tano. Mobile nayo ina historia hiyohiyo. Palikuwa na kambi ya jeshi la anga iitwayo Brookley, iliyokuwa tegemeo kubwa la ajira mjini. Ilifungwa mwaka 1969, maelfu wakakosa kazi. Kwenye ardhi ileile, mwaka 2015, Airbus wakafungua kiwanda cha kuunganisha ndege za A320, na baadaye A220. Vipande vikubwa vya A320 huletwa kwa meli kutoka Ulaya, na hiyo ndiyo maana ya kuwa na uwanja wa ndege karibu na bandari. Kaskazini mwa mji, Calvert, Wajerumani wa ThyssenKrupp walifungua kiwanda kikubwa cha chuma mwaka 2010. Kufikia 2014 walikuwa wameshakiuza kwa ArcelorMittal na Nippon Steel. Austal, kampuni ya meli kutoka Australia, walikuja 1999 wakijenga meli za alumini, kisha jeshi la majini likapunguza hamu ya meli zile, nao mwaka 2022 wakafungua laini ya kujenga meli za chuma. Niliona mwenyewe mjini mafundi waliojua alumini peke yake wakihangaika, na waliojua vyote viwili wakibembelezwa. Ndiyo maana mwaka uliofuata nilirudi darasani jioni kujifunza chuma, nikiwa nimechoka hasa, mke wangu akinisukuma.

Mambo ya ratiba. Mabasi ya jiji hayafuati saa za shifti, kwa hiyo gari ni lazima, na msipange nyumba ng'ambo ya ghuba kwa kufuata mandhari, maana foleni ya handaki la barabara ya I-10 itawamaliza. Viwanda vingi vinahesabu pointi: kuchelewa ni pointi, kukosa ni pointi, zikijaa unaondoka, na sheria za Alabama zinamruhusu mwajiri kukuachisha bila notisi. Baba yangu mkubwa alipofariki niliomba ruhusa ya msiba. Wakaniuliza ni nani kwako, nikasema ni baba. Walipogundua ni kaka wa baba, ruhusa ikakataliwa, nikahesabiwa pointi na kuonekana mwongo. Iliniuma sana, kwa sababu sikuwa nimedanganya. Waelezeni wasimamizi wenu ukoo wetu ulivyo kabla ya msiba kutokea, na tunzeni siku chache za likizo hata mwaka mzima ukiisha bila kuzihitaji.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kimbunga Sally kilipotupiga Septemba 2020 kazi zilisimama, na anayelipwa kwa saa hakuwa na saa. Msimu huo muwe na akiba ya mshahara wa wiki mbili, isiguswe kwa mambo mengine.

Mkipata Jumapili, nendeni Africatown, kaskazini mwa mji. Waasisi wake waliletwa utumwani mwaka 1860 na meli ya Clotilda, zaidi ya mia moja, wakati biashara hiyo ilikuwa imeshapigwa marufuku. Walipopata uhuru walitaka kurudi Afrika, nauli ikawashinda. Wakafanya kazi kwenye viwanda vya mbao, wakaweka senti juu ya senti, wakanunua ardhi na kujenga kanisa na shule. Viwanda vilivyokuja baadaye viliwazunguka na kuwaachia moshi. Mimi hupita pale kila ninapotaka kukata tamaa na mji huu.

Makaratasi: kazi nyingi za meli za kivita hutazama hadhi yako ya uhamiaji, na baadhi ya nafasi zinataka uraia. Kwa bandarini utahitaji kitambulisho cha TWIC. Mwenye green card anaweza kukiomba, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi vilevile. Kiombeni mapema, kwa sababu uchunguzi unachukua muda. Cheti cha VETA, chuo cha ufundi cha nyumbani Tanzania, njooni nacho, ila mtapimwa mkono upya. Jaribio huwa asubuhi. Kula vizuri kabla ya kutoka, na beba brashi yako mwenyewe.