Dozi ya tatu ya homa ya ini imenipita: nianze upya?

SWALI: Nilipimwa homa ya ini B, nikaonekana sina, nikachanjwa dozi mbili zilizoachana mwezi mmoja. Ya tatu ilitakiwa miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Sasa mwaka umepita. Nianze upya? Na mbona ya tatu huwekwa mbali hivyo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usianze upya. Nenda kachome hiyo iliyobaki. Zile mbili hazijapotea. Zimeacha alama kwenye seli B zako, yaani chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, protini za kupambana na vijidudu.

Seli hizo huzaliwa kwenye uboho wa mifupa. Kila moja huchanganya vipande vya vinasaba vyake kama karata, ikatoka na kipokezi chake (protini ya juu yake ya kunasia vitu) kabla haijakutana na kirusi chochote. Inayokamata mwili wenyewe huuawa au hubadilishwa kipokezi humohumo. Zinazopita huhamia kwenye wengu na mitoki. (Herufi B ya seli hizi imetoka kwa kuku: ni ya bursa, kifuko kilicho karibu na tundu lake la nyuma.)

Sindano yako haina kirusi, ina protini ya ganda lake tu, iliyotengenezwa kwa hamira. Seli B chache zinazoinasa huimeza na kuvionyesha vipande vyake kwa seli T saidizi, chembe nyingine za kinga zinazotoa idhini. Zikikubaliwa, huanza kugawanyika. Kwanza hutoka kingamwili aina ya M, kubwa lakini yenye mshiko hafifu. Kisha, ndani ya mitoki, seli huendelea kubadili vinasaba vya kipokezi: zenye mshiko mzuri hubaki, dhaifu hufa. Mchujo huo huchukua wiki hata miezi, na ndio dozi ya mwisho inaousubiri. Ikija, inazikuta seli za kumbukumbu zilizokwisha kunolewa, nazo huzaa seli plazma zinazomwaga kingamwili aina ya G kwa wingi. Kuchelewa hakukufuta kumbukumbu. Kulikuacha tu na kinga pungufu mwaka mzima.

Sindano ichomwe kwenye msuli wa bega. Takoni huishia kwenye mafuta na kinga huwa ndogo. Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8; iliyowahi kuganda imeharibika, hata ikiyeyuka.

Mwezi 1 hadi 2 baadaye, pima kingamwili ukiwa mhudumu wa afya au unaishi na mgonjwa: kiwango cha kinga ni miliyuniti 10 kwa mililita au zaidi. Ila usipime kirusi ndani ya wiki 3 baada ya sindano. Protini ya chanjo huweza kuonekana kwenye damu, ukaambiwa unaumwa bure.