Nahodha "hajawahi kuahirisha safari"? Usitume hiyo hela

Mkuu ulieuliza kutoka Arusha, wewe unaetaka kuwapeleka wanakikoba wenzio Nungwi kule Zanzibar mwezi wa saba kwa boti ya kukodi kutoka Pangani, na dalali kakuhakikishia nahodha wake hajawahi kuahirisha safari hata siku moja ndo maana mnataka kulipa yote kabla. Simamisha hiyo hela. Salamu baadae.

Hiyo mmeichukua kama sifa. Mwezi wa saba upepo wa kusi unapuliza, nahodha ambae hajawahi kukataa kutoka ama kaanza kazi juzi, ama hana sauti kwenye chombo chake, anaeamua ni mwenye boti na dalali, yeye kashika usukani tu. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, upepo mkali, mwezi huohuo mnaoutaka nyie, na ile ilikuwa meli sio haya maboti yetu.

Mimi niko Moshi na nilikuwa mratibu kama wewe. Tulishuka na Kosta usiku, Same, Mombo, Segera, watu wanaimba, mama mmoja kabeba mkungu wa ndizi kama vile Zanzibar wanakula mawe. Asubuhi pale ufukweni nahodha, mtu mzima kabisa, akaangalia maji akasema leo hapana, tulale, kesho alfajiri upepo utakuwa umetulia. Dalali akanivuta pembeni, "bosi, huyo anataka aongezewe, mbane." Hoteli tumeshalipia, hela hairudi, kundi zima linanitolea macho mimi. Nikamfata mzee wa watu mbele ya kadamnasi nikamwambia kama unaogopa maji si ukaendeshe bodaboda. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mtu wa mlimani ambae bahari naijua kwenye kalenda ya ukutani.

Akanyamaza, akasema pandeni.

Sasa hapa ndo nataka uelewe, maana wengi wanadhani tatizo lilikuwa upepo. Upepo ulikuwepo ndio, mawimbi yanatupiga ubavuni, ila yule mzee alipanda na hasira niliyompa mimi na hasira ile ikamshukia kijana wake wa injini, kila akifungua mdomo anakaripiwa, "kaa kimya fanya kazi!" Kijana akaona maji yanaongezeka chini na pampu haivuti, imezibwa na mfuko wa nailoni, akaogopa kusema. Alikuja kusema injini imeshazima. Laifujaketi zilikuwepo, tena nyingi, zimefungwa kamba chini ya mizigo yetu sisi wenyewe. Tukatupa mabegi, ndizi za mama zikaenda, mzee wetu mmoja akaanguka akavunjika mkono, na tungekuwa habari ya saa mbili usiku kama wavuvi wasingetuona wakatuvuta kurudi bara. Hela ya wavuvi, hela ya hospitali, hoteli imeliwa, kikoba kikavunjika kwa ugomvi wa nani alipe. Mpaka leo kwenye misiba naitwa kapteni.

Dalali? Simu haipatikani. Alipopatikana akaniambia "bahari ni mipango ya Mungu kaka." Kamisheni yake sijui ilikuwa mipango ya nani.

Baada ya pale nimesoma sana haya mambo. Kuna meli ya mizigo ya Marekani, El Faro, ilizama karibu na Bahamas mwaka 2015 ndani ya kimbunga Joaquin, watu 33, hakupona hata mmoja. Kinasa sauti kilitolewa chini ya bahari, na humo wanasikika maofisa wa zamu usiku wakimpigia kapteni wakipendekeza njia ya kusini zaidi, hakubadili. Kapteni mzoefu kabisa. Walio chini yake wanaona hatari, wanaisema kwa upole upole, mkubwa hasikii, basi. Halafu kuna ule mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unasema wazi kwamba mwenye meli wala mtu mwingine yeyote asimzuie nahodha kuchukua uamuzi anaouona wa lazima kwa usalama wa maisha baharini. Najua uliandikwa kwa ajili ya meli kubwa, ila mtu mwingine yeyote ndo mimi yule na mdomo wangu.

Kwa hiyo kama utabeba kitu kimoja tu hapa beba hiki: MLIPE NAHODHA HATA AKIKATAA KUTOKA. Kubalianeni kabla, mbele ya mashahidi, akisema leo hapana anapata hela yake ya siku na kijana wake pia, kubwa inayobaki mnampa mkifika. Akilipwa pale tu boti inapotoka, atatoka. Ana watoto wanakula. Na wekeni siku moja ya akiba mlale Pangani, msilipie hoteli ya ng'ambo ambayo hairudishi hela. Ongea na nahodha mwenyewe sio dalali, muulize mara ya mwisho aligeuza njiani lini na kwa nini, akikujibu chap bila kuona aibu huyo mchukue. Msikilize pia anavyoongea na kijana wake.

Dalali akigoma masharti hayo nendeni Dar mkapande boti kubwa bandarini, mtachoka na basi ila mtafika.

Bei aliyokutajia sijui kama ni sawa. Uliuliza na hoteli nzuri na sehemu za kula Nungwi, aisee sijawahi kufika Nungwi, nadhani umeshaelewa kwa nini. Ila huyo dalali wenu, namba yake inaishia na ngapi? Njoo inboksi.