Kabla ya Kumpa Mtoto Jina la Ebedmeleki

Wazazi wanaonijia kuuliza maana ya jina la Biblia, mara nyingi huwa wamekwisha kuipata maana yenyewe. Wanachotaka ni kuthibitishiwa kwamba ni nzuri. Kwa miaka ambayo nimeongoza darasa la Biblia kanisani, ushauri wangu kwao haujabadilika: usilichukue jina kwa maana yake pekee, bali soma kwanza habari yote ya aliyeitwa kwa jina hilo, ukiwaangalia pia waliotajwa pamoja naye. Jina ninalopenda kulitumia kueleza jambo hili ni Ebedmeleki, ambalo wasomaji wengi hulipita haraka kwa kuwa habari zake zimo katika sura mbili tu za kitabu cha Yeremia, ya 38 na ya 39.

Maneno yake hayana ugumu. “Ebed” ni mtumwa au mtumishi, na “melek” ni mfalme. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ya Kiebrania ili alitambue, kwa sababu Kiarabu, lugha ndugu ya Kiebrania, kimetupatia akina Abdallah na Abdulmalik, na jina hili la pili lina mizizi ile ile, ingawa Mfalme anayekusudiwa humo ni Mwenyezi Mungu. Ndani ya Biblia yumo Obadia, mtumishi wa Bwana, na yumo Elimeleki, mumewe Naomi, ambaye jina lake lasema kwamba Mungu wangu ni mfalme. Wazazi wengi huishia hapo, na baadhi yao hulikataa jina wakisema hawawezi kumwita mtoto wao mtumwa wa mtu.

Hao ndio ninaowasihi wasifanye haraka. Katika Yuda ya kale, “mtumishi wa mfalme” kilikuwa cheo cha ikulu. Mwaka 1932, wachimbaji wa mambo ya kale walipata huko Tell en-Nasbeh, kaskazini mwa Yerusalemu, muhuri wenye picha ya jogoo, ulioandikwa kuwa ni wa Yaazania, mtumishi wa mfalme. Mwaka 2019 ikatangazwa habari ya kipande kidogo cha udongo kilichopatikana Yerusalemu, katika jengo lililoteketea wakati Wababeli walipouangamiza mji, nacho kina chapa ya muhuri wa Nathan-Meleki, mtumishi wa mfalme. Watu wenye mihuri ya namna hiyo walikuwa wakubwa wa serikali. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba Ebedmeleki halikuwa jina alilopewa mtu huyu na wazazi wake, bali cheo kilichogeuka kuwa jina, nami naelekea kukubaliana nao.

Sasa iangalie habari yenyewe. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, limeuzingira mji wa Yerusalemu, na nabii Yeremia anawaambia watu kwamba atakayetoka na kujisalimisha kwa Wakaldayo, yaani Wababeli, ataishi. Wakuu wanne wanamshitaki kwa mfalme Sedekia kwamba anawavunja moyo askari, naye mfalme, mtu dhaifu kuliko wote katika kisa hiki, anawaambia kwamba yeye hawezi kuwazuia. Wanamteremsha nabii kwa kamba katika shimo lisilo na maji ila matope.

Angalia wakuu hao wanavyotajwa: Shefatia mwana wa Matani, Gedalia mwana wa Pashuri, Yukali mwana wa Shelemia, Pashuri mwana wa Malkiya. Kila mmoja ana baba na ukoo. Chapa za mihuri yenye majina ya wawili kati yao, pamoja na majina ya baba zao, zimechimbuliwa katika eneo la Mji wa Daudi, sehemu ya kale ya Yerusalemu, ya Yukali mwaka 2005 na ya Gedalia mwaka 2008. Ebedmeleki hatajiwi baba. Twaambiwa tu kwamba ni Mkushi, yaani mtu wa nchi iliyokuwa kusini mwa Misri, katika Sudani ya leo, na kwamba ni towashi katika nyumba ya mfalme. (Neno la Kiebrania linalotafsiriwa towashi limetumika pia kwa Potifa, aliyekuwa na mke, kwa hiyo tusiharakishe kuhukumu juu ya mwili wake.)

Mgeni huyu asiye na ukoo mjini anatoka ikulu, anamwendea mfalme aliyeketi penye lango la Benyamini, na kusema waziwazi kwamba watu wale wametenda uovu. Mfalme aliyedai hana uwezo anampa watu thelathini. Kisha huja sehemu ninayoipenda kuliko zote: anakwenda chini ya hazina, anaokota matambara na nguo kuukuu, anazishusha shimoni na kumwambia Yeremia azitie chini ya makwapa yake, kati ya ngozi na kamba. Amri ya mfalme haikutaja matambara. Yeyote aliyewahi kuvuta ndoo kisimani kwa kamba ya katani anajua ingemfanya nini mtu aliyedhoofika na kunasa matopeni.

Katika sura ya 39 mji unaanguka. Sedekia anawashuhudia wanawe wakiuawa, kisha anatobolewa macho na kupelekwa Babeli katika pingu. Ebedmeleki amekwisha kutumiwa neno kwamba ataokoka, kwa sababu alimtumaini Bwana. Ndiyo maana huwaambia wazazi kwamba swali la kujiuliza juu ya jina hili si kama ni la mtumwa, bali ni la mtumishi wa mfalme yupi.

Mkilichagua, someni sura ya 37 hadi ya 39 kwa kikao kimoja, na mtoto akifikia umri wa kuelewa msimulieni habari ya matambara kabla ya kumweleza maana ya maneno. Amueni mapema namna ya kuliandika, na tahajia hiyo hiyo itumike katika cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo na shuleni, kwa kuwa jina refu lenye tahajia tatu huleta usumbufu mwingi ofisini. Watoto wenzake watalikata liwe Meleki, na hivyo kumpandisha mtumishi cheo hadi ufalme, hilo waachieni.