Re: Video inashuka taratibu mno, msaada

Mkuu, umesema yt-dlp, ile programu ya kushusha video, inaanza vizuri halafu inaporomoka mpaka 50 KB kwa sekunde, na intaneti yako iko fresh tu kwingine. Usilaumu laini kwanza, apdeti hiyo programu, andika yt-dlp -U, maana tovuti za video zikibadilisha mfumo wao toleo la zamani linaweza kubanwa kasi, na kwangu hii ndo imesaidia mara nyingi kuliko kitu kingine. Ikigoma ongeza -N 4 kwenye amri yako ya kushusha, kama video imekatwa vipande itavuta vinne kwa mpigo, ila usipandishe mpaka 30 seva inaweza kukufungia. Na ikiganda kwenye 100% usiizime jamani, hapo ffmpeg, programu saidizi ya video, inaunganisha picha na sauti, cheki tu diski isiwe imejaa.