Tuzo za wauguzi: mpeleke wa zamu ya usiku

Dadangu, umeuliza kama tuzo za wauguzi zina maana au ni keki na picha za tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tu. Zina maana. Anna Qabale Duba wa Marsabit alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster mwaka 2022, dola 250,000, naye alikuwa ameshajenga shule kijijini kwao. Shida ni majina tunayopeleka. Chama cha wauguzi kikiomba mapendekezo, huku Mombasa tunakimbilia kumtaja mkubwa wa wadi. Mimi ningempeleka yule wa usiku: umeme ulikatika, akabana tochi kwa meno, mshipa wa mamangu akaupata mara moja. Andika kisa kama hicho, na tarehe yake. “Ni mchapakazi” kila mtu huandikiwa, hata wavivu.