Kabla hujabishana nani alifaa kuwa steringi

Ubishi wangu wa kwanza hadharani ulimhusu mwigizaji niliyemkataa kwa kuona bango tu. Filamu yenyewe haikuwa imetoka. Niliandika kurasa mbili za hasira kwamba sura haiendani, sauti ndogo, hana uzito. Ilipotoka nikaenda kuiangalia nikiwa nimejiandaa kununa kabisa. Haikufika nusu nilikuwa nimeshasahau kama yule ni yeye. Nilikuwa namwona mhusika. Zile kurasa mbili bado zipo, na kuna rafiki yangu hunitumia kila akitaka kucheka.

Basi wewe unayeanza, jua kwamba njia hii imepitwa na wengi. Michael Keaton alipotangazwa kuwa Batman, barua za kupinga zilimiminika studio kwa maelfu. Filamu ikatoka mwaka 1989, na wapo watu wazima leo ambao Batman wao ni yeye, wengine wote wageni. Daniel Craig alipotangazwa kuwa James Bond mwaka 2005, moja ya makosa aliyohesabiwa ni nywele zake za rangi ya dhahabu. Nywele!

Lakini usifanye mifano hiyo rungu la kuwanyamazishia wenzako. Zoe Saldana aliigiza kama Nina Simone, mwimbaji mweusi wa Marekani, katika filamu iliyotoka mwaka 2016, akapakwa rangi aonekane mweusi zaidi na kuvalishwa pua ya bandia. Watu walipinga mapema, na mwaka 2020 mwenyewe aliomba radhi. Kwa nini wale wa Keaton waliharakisha na hawa hawakuharakisha?

Ilinichukua miaka kuliona jibu. Kuna swali la "ataiweza?" na kuna swali la "nani aliitwa kujaribu?" La kwanza linasubiri filamu; ukilijibu kabla ya kuiona unapiga ramli. La pili halina haja ya kusubiri, kwa sababu linahusu mlango, na mlango unaonekana tangu siku majina yanatangazwa. Ugomvi mwingi ninaousoma ni wa watu wawili, mmoja anajibu hili na mwenzake anajibu lile, kila mmoja akimwona mwenziwe mjinga.

Mwaka 2015 na 2016, waigizaji wote 20 walioteuliwa kuwania Oscar walikuwa Wazungu, miaka miwili mfululizo. Anayekujibu "lakini wote ni wazuri" hajakujibu. Halle Berry alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2002, na mwanamke mwingine asiye Mzungu kuipata akawa Michelle Yeoh, mwaka 2023. Hapo katikati waliigiza wanawake wengi tu. Uliza waliletewa skripti gani.

Ukitaka kujadili uwakilishi, acha kuhesabu sura kwenye bango. Kaa na filamu, uandike nani anaongea, anaongea kuhusu nini, na nani yupo pale ili afe steringi apate hasira. Jioni moja ya kazi hiyo itakupa hoja kuliko mwezi wa kurushiana maneno.

Kuna kipindi nilifanya kazi ya kuwasomea waigizaji kwenye usaili. Unakaa pembeni ya kamera, unasoma maneno ya mhusika mwingine bila mbwembwe, ili anayesailiwa apate wa kumjibu. Siku moja akaja mama mmoja. Skripti ilimtaka alie. Hakulia. Alichukua ile karatasi iliyokuwa barua, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe, akakisukuma kikombe pembeni kidogo, ndipo akasema mstari wake. Mimi nilikosa wa kwangu. Mwongozaji aliweka kalamu chini.

Hakupata nafasi. Steringi alikuwa ameshasaini mkataba, na walipowasimamisha pamoja mama yule alionekana kama mama yake mdogo, wakati hadithi ilitaka wapenzi. Filamu ilipotoka nikasoma watu wakiapa kwamba aliyepewa alibebwa. Hakubebwa. Ila nisikudanganye, kubebwa kupo: nimemwona aliyeingia bila kushika mstari hata mmoja, akatoka na nafasi, nasi tukaangaliana tu. Ukiwa nje huwezi kutofautisha siku hizo mbili. Kwa hiyo andika unachokiona kwenye skrini, na sababu za chumbani waachie waliokuwa chumbani.

Kwenye skrini kuna mengi ya kuona. Mimi huanza na sehemu ambayo mwigizaji haongei. Anamsikiliza mwenzake, au anasubiri zamu yake? Nazima sauti, naangalia tena.

Na lawama zako zipeleke kunakostahili. Mwigizaji hajipi nafasi. Kelly Marie Tran, aliyeigiza katika filamu ya Star Wars, alitukanwa mtandaoni mpaka mwaka 2018 akafuta alichokuwa ameweka Instagram, kana kwamba aliyeandika hadithi ni yeye. Kuna mtayarishaji, kuna mwongozaji, kuna studio, na kuna wale ambao kazi yao ni kusaka waigizaji. Hao wa mwisho walisahaulika kiasi kwamba Oscar zinatolewa tangu mwaka 1929, lakini tuzo yao ilitangazwa 2024, ikianza na filamu za 2025.

Nimeacha vipenzi mwisho kwa sababu ndivyo vinavyotuharibu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: msomaji atajua tu kwamba unamtetea mtu wako kwa maneno makubwa ya haki na uwakilishi. Sema mapema, "huyu nampenda," kisha uendelee. Halafu kabla hujamwandikia sifa, tafuta kipande alichoboronga ukielezee kwa uaminifu uleule ambao ungemtendea usiyempenda. Ukikosa hata kimoja, bado huangalii kazi yake, unamtazama yeye tu.

Wa kwangu nimemwandikia juzi. Ni kile kipande cha hospitali, anapopewa habari za msiba: analia kwa mabega, uso mkavu, na jicho moja linaitafuta kamera. Nimekirudia mara nne nikitafuta kisingizio. Sijakipata, na filamu yake ijayo nitakuwa mstari wa mbele.